Hedifoni za Kibuye na Koti la Odhiambo

Jumatano, 3 Februari 1988

Nimerudi kazini, nimevua viatu, nimebandika omena, dagaa wetu wa ziwani. Maji hayajachemka, redio ya Odhiambo imeanza. Rumba. Vikombe vinatetemeka kabatini. Namchukia huyu mtu. Nimeandika na sifuti.

Ukuta wa katikati haufiki kwenye mabati. Mwenye ploti, hivi vyumba vya kupanga, aliishiwa na matofali au aliishiwa na haya, sijui. Kinachopigwa chumba cha pili kinaruka juu kinaniangukia mimi. Odhiambo anajua. Meza ya redio ameisukuma mpaka kwenye ukuta wangu. Nimeiona mlango wake ukiwa wazi.

Ni mdogo wake Ochieng', marehemu mume wangu. Tulipomaliza kuzika kule Asembo, akahamia hapa Manyatta, Kisumu, mlango wa pili. Eti amekuja kuniangalia. Kuniangalia! Anataka kunirithi. Kwetu Waluo mjane hupewa mwanaume wa ukoo wa mumewe, tunaita ter. Nilisema hapana mwaka jana. Nikasema tena Krismasi. Sasa ameacha kuuliza kwa mdomo, anauliza kwa redio. Anangoja nichoke.

Omena zimeungua kidogo. Nimekula hivyo hivyo.

Alhamisi, 4 Februari

Leo nimeziba masikio kwa pamba ya kiwandani kwetu, tunakofuma nguo. Bure kabisa. Pamba inakata sauti nyembamba, ngoma inapita kwenye mifupa.

Ningeweza kuvumilia kama si kaseti. Ochieng' alikuwa dereva wa lori na kalamu ilimshinda. Akiwa safarini haandiki barua, anaongea kwenye kaseti, anampa dereva mwenzake aniletee. Barabara ilivyo, chakula alichokula, nani amekwama kwenye matope. Zilikuwa kaseti sita. Sasa ni tano. Moja Odhiambo aliiomba baada ya matanga, asikie sauti ya ndugu yake. Akairudisha imejaa rumba. Alirekodi juu yake! Nilipolia akasema, "Kwani alikuwa anasema nini ya maana?"

Nimezivunja zile tano vimeno vya mgongoni ili zisirekodiwe tena. Lakini mtu akibandika karatasi pale, zinarekodi. Kwa hivyo najua ninachopigania, nakiandika hapa nisije nikajidanganya. Odhiambo akiingia chumba hiki kama mrithi, chumba ni chake, kaseti ni zake, na mimi pia. Binti yangu Atieno akifunga shule ya bweni atakuta baba mwingine kitandani. Hapana. Nimesema hapana.

Beatrice tunayesimama naye mtambo mmoja, Mluhya wa Kakamega, mdomo kama wembe, amesema ninunue hedifoni. Walkman ya Ochieng' ninayo, ila hedifoni zake zilikatika waya.

Jumamosi, 6 Februari

Mjini. Duka la Mhindi la redio. Ametoa aina mbili. Moja ina sponji, inakaa juu ya sikio. Nyingine vidude vya kusukuma ndani ya tundu. Nikamuuliza ipi inazuia kelele. "Mama, hii sponji namba moja. Nje iko kelele, ndani iko raha."

Nikamwambia awashe redio zote za dukani nipime. Alikataa. Nikarudisha walkman mkobani nikaanza kutoka. Akawasha moja, taarifa ya habari, tena chini. Nikasikia Ochieng' vizuri. Nikanunua. Mjinga mimi. Odhiambo hanisomei taarifa ya habari.

Jumapili, 7 Februari

Hedifoni za sponji ni takataka. Kelele inapita kama maji kwenye chujio. Ochieng' ananiita kwa kwetu, binti wa Seme, anasema, "Nyar Seme, hapa Bungoma kunanyesha," halafu gitaa la Odhiambo linamkata. Nimeongeza sauti mpaka mwisho. Sasa mume wangu ananifokea, na hakuwahi kunifokea akiwa hai.

Nilipotoka kumwaga maji, Odhiambo alikuwa amekaa mlangoni pake na fulana. Akacheka. "Shemeji, bado unaongea na marehemu? Mimi niko hapa, mzima."

Nikamwaga maji karibu na miguu yake. Karibu sana.

Jumanne, 9 Februari

Beatrice ameniazima vidude vya tundu, vya binamu yake. Vinaziba kuliko sponji, nakubali. Lakini sikio linauma kama limetiwa kokoto, na nikiinama vinatoka. Kimoja kimeanguka kwenye maziwa. Nimekifuta, nimekirudisha sikioni, kinaongea kama mtu aliye chini ya ziwa.

Rumba mpaka saa ya kulala. Nimepiga ukuta kwa mwiko. Akapiga na yeye, kwa kufuata ngoma.

Alhamisi, 11 Februari

Leo nimemwangalia msimamizi wetu vizuri. Kila siku anapita kati ya mitambo na vifuniko masikioni, vikubwa kama bakuli za uji, vinafunika sikio lote. Yeye anapita tu. Sisi tunaoshinda hapo tunapewa pamba. Nilikuwa sijawahi kukasirika juu ya hilo. Leo nimekasirika mara mbili.

Lakini nimepata akili. Sikio halizibwi kwa juu wala kwa ndani. Linafunikwa lote, kama sufuria na mfuniko wake. Natafuta hedifoni za namna hiyo.

Jumapili, 14 Februari

Baada ya kanisa, soko la Kibuye. Nimezunguka mitumba mpaka miguu imevimba. Pasi mbovu, saa zisizotembea, redio zilizofunguliwa matumbo. Kwa mzee mmoja, chini ya rundo la nyaya, nimezipata. Nyeusi, nzito, ngozi imepasuka upande mmoja na mtu ameishona kwa uzi wa kijani. Zinameza sikio lote. Kichwa cha waya kilikuwa kinene, hakiingii kwenye walkman. Fundi wa hapo hapo akakikata, akachomea kidogo.

Sikumwamini mtu safari hii. Pale Kibuye kuna mhubiri ana spika mbili juu ya kigari, anachoma watu moto tangu asubuhi. Nikaenda nikasimama mbele ya spika. Nikavaa. Mdomo wake ukawa unafunguka na kufungika, mishipa ya shingo imesimama, na jehanamu yote imenyamaza. Nikabonyeza kaseti. Ochieng' akasema, "Nimekula samaki wa Luanda Kotieno, wametiwa chumvi nyingi."

Nilicheka peke yangu mbele ya mhubiri. Akaninyooshea kidole. Nafikiri nilikuwa mfano wa mwenye dhambi. Sawa tu.

Jumatatu, 15 Februari

Raha. Nimeweka kiganja ukutani, ukuta unatetemeka, na mimi sisikii kitu. Nimesikiliza kaseti mbili. Nimefua yunifomu, nimepika, nimepiga pasi, Ochieng' ananiambia habari za pancha ya Mumias.

Odhiambo ameongeza sauti mpaka jirani wa mbele ametoka kumgombeza. Niliona midomo tu. Afe kwa hasira.

Jumatano, 17 Februari

Mama Oluoch wa mlango wa tatu hajui kukaa na neno. Amenikuta bombani. "Nyar Seme, ukivaa hivyo vitu na mtu akupigie hodi, utasikia aje?"

Nikamwambia anayenipigia hodi namjua, na sitaki kumsikia. Akatikisa kichwa. Akajaza ndoo yangu na maji yake, akaondoka. Ni mwanamke mwema, lakini anasema kila kitu kwa kila mtu.

Jumamosi, 20 Februari

Asembo Bay. Mama mkwe aliniita na huwezi kukataa mwito wa Mama. Tulikaa nje ya nyumba yake, samaki wake wameanikwa pembeni, nzi kila mahali. Alikuwepo Mzee Owuor, ndugu wa marehemu baba mkwe, ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma. Alikuwepo Odhiambo, amevaa koti jipya la kahawia katika joto lile. Jasho linamtiririka. Sikujua kwa nini amelivaa. Sasa najua, ngoja niendelee.

Mama hakuzunguka. Mimi ni mjane asiyerithiwa. Siwezi kuingia nyumba za watu pale bomani. Siwezi kupanda mbegu kabla ya wengine. Siwezi kujengewa. "Watu wanauliza mimi. Mimi nasema nini?" Alikuwa na machozi, na Mama si mtu wa machozi. Hilo liliniuma.

Nikasema mimi ni mtu wa kanisa, sitalala na Odhiambo. Nilisema hivyo hivyo, mbele ya mzee. Mtu mmoja alikohoa.

Mzee Owuor akasema hakuna anayenilazimisha mambo ya kitandani, dunia imebadilika. Kwa wajane wa kanisa, koti linatosha. Mwanaume anapiga hodi mbele ya shahidi. Mwanamke asipokataa, anaingia anatundika koti ndani. Koti likilala usiku mmoja, imekwisha. "Koti ikilala, ter imeisha. Hakuna kitu ingine mtu atadai." Aliyasema haya mara mbili na fimbo akaigonga chini.

Nikasema hata koti sitaki. Koti lake likae mgongoni pake.

Odhiambo alikuwa anatabasamu na kufuta jasho.

Jumapili, 21 Februari

Tumerudi basi moja na yeye, sikuwa na la kufanya. Akakaa kiti cha nyuma yangu na kuanza kuniongelesha kisogoni. Nikavaa hedifoni. Kwa safari hazina mfano. Injini imepotea, kuku wa watu wamepotea, shemeji amepotea. Nimeangalia ziwa mpaka Kisumu nikiwa na Ochieng'. Shingo inauma kidogo kwa uzito. Hilo ndilo kosa lake tu.

Naongeza hapa baadaye: nimekosea kuandika hivyo. Nitaeleza mbele. Sifuti.

Alhamisi, 25 Februari

Mwandiko wa leo utakuwa mbaya.

Jana jioni nilikuwa napika, mgongo kwa mlango, mlango wazi kwa sababu ya moshi wa jiko la mafuta. Hedifoni masikioni. Kaseti ya tatu. Halafu stima ikapotea ploti nzima. Nikala gizani, nikafunga mlango, nikalala gizani.

Leo asubuhi nimefungua macho, kwenye msumari wa Ochieng' juu ya kitanda, pale alipokuwa akitundika kofia yake, kuna koti la kahawia.

Nilipiga kelele. Kwa mara ya kwanza redio ya Odhiambo ilikuwa imezimwa. Alikuwa anangoja kunisikia.

Ploti nzima imejua. Mama Oluoch amenishika mkono amenieleza, na huruma usoni. Odhiambo alikuja jioni na wanaume wawili wa ukoo. Alipiga hodi. Akapiga tena. Akapiga tena. Wote walisikia. Mimi niko pale, wananiona, natikisa kichwa kwa kaseti yangu. Sikukataa. Akaingia, akapita nyuma yangu, akatundika, akatoka. "Tulifikiri umekubali, yawa. Si ulikuwa unatikisa kichwa?"

Nilikuwa nacheka habari ya pancha ya Mumias! Nimerithiwa nikicheka pancha!

Odhiambo anapita uani akiimba. Jumamosi, amesema kwa sauti watu wasikie, analeta kitanda chake. Mama na Mzee Owuor wanakuja kula kuku.

Kazini nimekata uzi mara nyingi mpaka msimamizi ameniandika. Na aniandike.

Ijumaa, 26 Februari

Beatrice anasema, "Mama Atieno, choma hiyo koti. Mwaga mafuta, washa, maliza." Nimefika mpaka kushika kiberiti. Nikaliangalia. Nikichoma, watasema nimemuua mrithi wangu na nimeharibu boma. Watamtafutia la pili, tena safari hii atalileta akiwa ndani yake.

Hedifoni nimezitupa chini ya kitanda. Nazichukia kama ninavyomchukia yeye. Nilizichagua kwa pupa. Nilitaka kisichoruhusu kitu kupita, nikakipata, na adui akapita.

Jioni amepiga rumba, polepole, ya kunibembeleza. Afadhali ile ya kelele.

Nimezitoa chini ya kitanda. Nimefunga mlango kwa komeo, nimesukuma na meza. Kaseti ya tano, ambayo siisikilizi sana kwa sababu ni ya mwisho. Ochieng' yuko Busia. Anasimulia mama wa maharagwe ambaye gorogoro yake, kopo la kupimia, imebonyezwa kwa ndani ili ipime kidogo. Wenzake walibishana naye mpaka wakatukanana. "Mimi sikubishana, Nyar Seme. Nilinyamaza. Nikanunua. Yeye naye akataka sukari kutoka kwa lori yangu. Nikamwambia lete ile gorogoro yako. Nikapimia na hiyo hiyo. Akaniangalia! Akalipa."

Na anacheka. Kicheko chake kile cha kukohoa.

Nimerudisha nyuma. Nimesikiliza tena. Nimerudisha tena.

Nimeinuka nimelipiga koti pasi.

Jumamosi, 27 Februari

Nimechoka lakini lazima niandike yote kabla sijalala.

Nilikwenda sokoni mapema. Nikanunua samaki mkubwa, ngege, nikapika na nyanya, nikasonga ugali. Nikafagia mpaka uani. Mama Oluoch akasema, "Kumbe umefurahi!" Nikasema sana.

Wakafika. Mama kwanza, na kuku wake hai amefungwa miguu. Mzee Owuor nyuma na fimbo. Nikawapokea kwa magoti kama inavyotakiwa. Wakaingia, wakasimama.

Kwenye kiti cha Ochieng', kichwani pa meza, nilikuwa nimelivalisha koti. Vifungo vyote nimefunga. Mbele yake sahani, ugali, kichwa cha samaki, maji ya kunawa. Mama akatazama koti. Akanitazama. Akakaa. Mzee naye akakaa.

Hodi. Safari hii niliisikia vizuri. Odhiambo mlangoni, na wale wawili wa ukoo wamebeba kitanda chake, godoro juu. Ploti nzima imesimama uani.

Nikamuuliza, "Shemeji, kitanda cha nani?"

Akasema cha kwake, amekuja kwake.

Nikamwambia mume wangu yuko ndani, anakula, na hajaniambia kama tuna mgeni wa kulala.

Watu walicheka uani. Uso wake ukaiva. Akasema niache mchezo, koti ni lake, yeye ndiye mwenye koti. Nikamgeukia Mzee Owuor. Nikasema, "Baba, ulisema Asembo, mbele ya watu. Koti ikilala, ter imeisha. Hakuna kitu ingine mtu atadai. Ulisema mara mbili, ukagonga fimbo. Koti imelala. Nimeipikia, nimeipiga pasi. Nimekosa wapi?"

Niliona Mzee anatafuta njia ya kutokea. Hakuna. Ni gorogoro yake.

Odhiambo akasukuma wale wawili, akaingia, akashika koti begani alitoe kitini. Nikamwambia atoe tu. Ila akilitoa mbele ya wazee, ameniacha. Na mwanaume aliyemwacha mjane wa ndugu yake harudi kugonga mlango huo. Au nimesema uongo?

Nilimuuliza Mama, si yeye. Kama Mama angesema nimekosa, nilikuwa sina kingine. Ningetoka na kaseti tano na mtoto, sijui niende wapi.

Mama alikuwa ameshika kuku mapajani. Akambana mpaka akalia. Halafu akamwambia mwanawe bila kumtazama, "Odhi, uliingia kama mwizi, ukatundika. Hukungoja akuone. Sasa koti yako imeoa, wewe bado." Akanawa mikono. "Toa kitanda hiyo mlangoni, inaziba hewa."

Odhiambo aliliachia koti. Nimemwona anaangalia rafu yenye kaseti. Akasema nitakuja kuomba, nitakuja kulia, mwanamke wa chuma hana siku njema. Akasema ndugu yake alikuwa mjinga na mimi nimerithi ujinga. Nikamwambia huo ndio urithi ninaoukubali.

Akatema mate kizingitini. Akatoka na kitanda.

Mzee Owuor amemaliza samaki. Alipoondoka aliliangalia koti, mabega yake yakatikisika. Sijui kama alikuwa anacheka au ni kikohozi. Mama amelala hapa, kitandani na mimi, chini ya msumari. Kabla hajalala amesema mbegu za mahindi nije nizichukue, mvua iko karibu. Nipande shamba langu.

Nikamuuliza kama anataka kumsikia Ochieng'. Alikataa. Halafu akanyoosha mkono. Nikamvalisha hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa. Alisikiliza ile ya Bungoma, kunanyesha. Alizivua mapema, akageukia ukuta.

Jumatatu, 29 Februari

Rumba. Kubwa kuliko zote. Ni ya mtu aliyeshindwa, naijua tofauti. Sijavaa chochote. Nimekaa nayo wazi wazi, nikachambua mchele.

Jumapili, 6 Machi

Odhiambo amehama. Alikodi mkokoteni wakati niko kanisani, ili nisimwone. Mama Oluoch anasema amekwenda Katito, ana rafiki huko. Ameacha msumari mmoja tu ukutani na harufu ya sigara.

Sikumwonea huruma. Nimeitafuta huruma moyoni, sijaipata. Labda mwakani.

Jumatatu, 14 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri. Chumba cha pili bado kitupu. Mabati tu yanasikika, na mtu anayekohoa mlango wa mbele.

Sina mwavuli. Nimelitoa koti kwenye msumari, nimelivaa. Mabega yananizidi kidogo lakini ni zito, zuri. Mifuko mikubwa. Walkman imeingia wa ndani, na kaseti moja. Hedifoni nimezining'iniza shingoni, sikuzivaa. Nilikuwa nataka kusikia mvua njia nzima mpaka kiwandani.

Beatrice amenipokea getini, maji yananichuruzika. Ameuliza, "Mama Atieno, mzee wa nyumba hajambo?"

Nikamwambia hajambo, ila amelowa.